Walivyoiua jini ya waridi pale Masaki

Bado nina hasira. Baa yenyewe ni ya ghorofani, upepo wa bahari unakupiga usoni, muziki wa kistaarabu; jina siliandiki. Niliagiza Hendrick's, ile pombe aina ya jini yenye harufu ya waridi na tango, toti mbili, toniki ya kawaida (maji ya gesi yenye uchungu), barafu nyingi na kipande cha tango. Basi.

Kilicholetwa ni glasi ndefu nyekundu, sirapu ya stroberi imetuama chini, malimau yamekamuliwa humo humo, mnanaa umejazana juu na soda ya ndimu badala ya toniki. Nikanusa. Pipi tupu! Tango sikuliona hata ganda lake.

Nikamwambia mhudumu, "Kaka, hiki siyo nilichoagiza." Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Dada, jini ni jini tu. Wanawake wote wanapenda hivi."

Jini ni jini tu? Mreteni, tunda dogo linaloipa jini ladha yake, lazima uusikie kwenye kila jini, hilo sibishi. Lakini Hendrick's wanaitengeneza Girvan, Uskoti, na waridi na tango wanaviongeza baadaye, ikishatoka mtamboni, kwa sababu ni harufu nyepesi zisizostahimili moto. Mle ndani kuna maua ya kamomaili, mbegu za giligilani, maganda ya machungwa na ya malimau. Watu wamehangaika kuilinda harufu hiyo, halafu wewe unaifukia kwa sirapu na bado unanitoza bei ya chupa iliyovuka bahari!

Meneja akaja, hata pole hakusema. "Ukitaka nyingine utalipia."

Sasa hapa niwe mkweli. Dada wa kaunta alikuwa amesikia yote. Akajaza barafu mpaka mdomoni mwa glasi, akapima toti mbele ya macho yangu, toniki akaimimina taratibu ubavuni ili gesi isipotee, kisha akakata tango refu, jembamba kama utepe, akalilaza ndani. Kabla sijanywa, waridi lilishafika puani. Kinywaji safi kabisa, nikaanza kujiuliza kama baa hii nimeionea.

Ikaja bili: glasi mbili. Ile nyekundu niliyoionja tu, nayo imo.

Kwa hiyo msiende. Au nendeni akiwepo yule dada, mkae kaunta, mwagizeni yeye mwenyewe. Hapana, msiende kabisa. Chupa ya jini ya maua inywewe nyumbani. Sehemu moja jini, tatu toniki baridi, barafu ya kutosha ili isiyeyuke haraka, tango. Limau liacheni, kwenye hii linafunika waridi. Asiyependa uchungu wa toniki aweke maji ya soda yasiyo na sukari, harufu inabaki vilevile.

Jini yenyewe naipa tano kwa tano. Yule dada anastahili kukabidhiwa kaunta nzima. Meneja, risiti ninayo, na pesa ya glasi ya kwanza naidai.