Fagio, dekio na mpira wa kusukumia maji: kipi kinazifaa sakafu za Tanga

Tuanze na ndoo ya kuzungusha, maana dukani ndiyo inayopendeza macho na nyumbani ndiyo inayowaliza wengi. Ukiisukuma fimbo chini, skrubu ndefu iliyomo ndani inalizungusha kapu, na maji yanaruka kutoka kwenye dekio. Kwa sakafu ya tailizi hakuna kinachokamua vizuri kuliko hiyo: dekio linatoka na unyevu kidogo tu, sakafu inakauka upesi, na mikono haigusi maji machafu.

Ila zile za bei ya kutupa ndizo "waja leo, waondoka leo" wenyewe. Cha kwanza kufa ni kiungo cha plastiki pale fimbo inapokutana na sahani ya dekio. Kinakatika kwa sababu mtu anasukuma fimbo ikiwa imeinama badala ya kusimama wima, au anasahau kukaza kufuli la fimbo kisha anasugua doa kwa nguvu zote. Cha pili ni bomba la fimbo. Hewa yetu ina chumvi, na bomba la chuma chepesi lililopakwa rangi huanza kushika kutu kwa ndani, kwenye maungio, kabla hujaona chochote kwa nje. Ukikaa Raskazone au popote upepo wa bahari unapoingia moja kwa moja, usiichukue fimbo ya namna hiyo hata ukipunguziwa bei.

Kwa hiyo nenda dukani na kisumaku kidogo. Kikinasa kwa nguvu na bomba ni jepesi, liache. Kisiponasa, bomba hilo ni alumini au stenlesi, na chumvi haitalimaliza haraka. Kisha weka dekio kwenye kapu, sukuma mara kumi mfululizo na usikilize: ikikwaruza au ikaruka meno, rudisha. Tazama na kizibo cha chini ya ndoo. Bila kizibo utaibeba ndoo yenye lita kadhaa kila unapomwaga, na mdomo wake mpana utakumwagia miguuni. Swali la mwisho kwa muuzaji ni vitambaa vya akiba. Mwambie akipachike kimoja mbele yako, kwani sahani hazilingani zote, na kitambaa kinachopwaya kitavuka katikati ya kudeki.

Kitambaa chenyewe ni cha nyuzi ndogo sana, na nyuzi hizo ndizo zinazoshika vumbi. Jik inazila, na dawa ya kulainishia nguo inazipaka mafuta mpaka zinateleza juu ya uchafu badala ya kuuzoa. Kifue kwa sabuni ya kawaida, kisuuze, kianike kwenye upepo.

Dekio la nyuzi za pamba lina heshima yake kwenye sakafu ya saruji. Saruji ina mikwaruzo inayochana kitambaa laini, na pamba inavumilia. Tatizo lake ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei halikauki, na dekio bichi lililosimamishwa kichwa chini ndani ya ndoo linanuka kufika kesho yake, kisha harufu hiyo hiyo unaipaka sebuleni. Litundike kichwa juu, nje, chini ya paa.

Chombo ambacho hatuoni nyumba ya Tanga ikikikosa ni mpira wa kusukumia maji. Barazani mvua ikipiga, bafuni, jikoni baada ya kusafisha samaki, mpira unamaliza kazi kabla dekio halijalowa. Chagua wenye upana wa sentimita 45 hivi. Ulio mpana zaidi hauingii nyuma ya choo. Upinde kwa kidole: ukirudi haraka ni mzuri, ukionyesha nyufa nyeupe umeshakaa juani muda mrefu na utaacha mistari ya maji. Ukinunua, usiuache uani. Jua ndilo linaloukausha.

Sasa fagio, ambalo watu hulinunua bila hata kulitazama. Mchanga wa pwani ni mgumu kiasi cha kukwaruza mng'ao wa tailizi, kwa hiyo kudeki kabla ya kufagia ni sawa na kusugua sakafu kwa msasa. Ndani tumia fagio la nailoni lenye ncha zilizochanika kama nywele. Ncha nzima butu zinausukuma mchanga lakini vumbi laini linabaki. Mpini wa mbao unazidi wa bati, mradi usiingie kwa kulazimishwa, la sivyo meno ya skrubu ya plastiki yanalika na fagio linazunguka lenyewe.

Fagio la chelewa ni la uani na la kusugulia sakafu chafu ya saruji yenye maji. Kwenye tailizi linaacha vumbi kwenye mapengo ya njiti. Lichukue sokoni kwa kulishika kitakoni: njiti ziwe zimekauka, rangi ya kahawia, urefu mmoja. Zikiwa bado na ukijani zitasinyaa, na kamba italegea. Ikilegea usilitupe; gonga kitako chini mara kadhaa njiti zishuke sawa, kisha funga upya kwa kamba ya mkonge.

Kuhusu sabuni, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kinatosha lita 5. Ukizidisha, sakafu inanata na vumbi la kesho linagandia hapo. Badilisha maji pale usipoona tena chini ya ndoo, na anza kona ya mbali ukirudi mlangoni. Kama maji yako ni ya kisima yenye chumvi, mara ya mwisho pitisha dekio la maji ya bomba, maana ule ukungu mweupe kwenye tailizi nyeusi ni chumvi tu, wala hautoki kwa sabuni zaidi.

Nyumba za zamani zenye terazo, yaani sakafu ya vipande vya mawe vilivyoshikwa kwa simenti na kung'arishwa, zinahitaji tahadhari moja kubwa. Limau, siki na dawa ya chooni havifai kabisa. Tone likianguka, linatoa vipovu vidogo: hapo asidi inakula chokaa, na ukilifuta linaacha duara lisilong'aa, ambalo ni fundi wa mashine tu atakayeliondoa. Simenti nyeupe ya kwenye maungio ya tailizi nayo huliwa hivyo hivyo. Na dawa hiyo ya chooni isikutane na Jik kwenye ndoo moja. Mvuke unaotoka ni klorini, nao unachoma macho na mapafu.