Chai ya kujilipia mwenyewe: nyota nne, ya tano imepotelea kwenye chenji

Kibanda chenyewe kiko nyuma ya ofisi yetu hapa Mombasa. Bibi mwenyewe hupika kabla ya alfajiri, akaacha thamosi mbili, hotpoti ya mahamri na sufuria ya mbaazi, kisha huenda zake sokoni mpaka saa nne. Anayebaki kuuza ni kopo. Limebandikwa karatasi: "Chai 20, hamri 10, mbaazi 40. Jilipie, jichukulie chenji."

Mahamri yamevimba, iliki yanukia, na hayakuachi na mafuta vidoleni. Mbaazi nzito, tui halikufanyiwa ubahili. Chai ya thamosi ya pili tangawizi imezidi. Labda uwe na mafua.

Sasa hilo kopo. Mwenzangu wa uhasibu aliapa halimalizi wiki. Nikampa habari ya mchezo ambao watafiti waliwachezesha Waorma, wafugaji wa kule Tana. Mko wanne, kila mtu kapewa pesa. Utakachotia kwenye mfuko wa pamoja huongezwa mara mbili, kisha wote wanne mnagawana sawa. Ukitia 10 inakuwa 20, wewe wapata 5. Kwa hesabu ya mwenzangu, mjanja hatii kitu. Waorma walipoelezwa wakasema, aa, hii si harambee hii! Na wakachanga.

Juu ya kopo kuna kalenda ya mgombea aliyeanguka uchaguzi, macho kodo. Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, watafiti waliwahi kubandika picha penye chai ya wafanyakazi, nayo ya kujilipia: wiki hii macho, wiki ijayo maua. Wiki za macho pesa ziliingia karibu mara 3, ndivyo walivyoandika 2006, ingawa majaribio ya wengine baadaye hayakukubaliana. Nilimuuliza bibi kama ndiyo hila yake. "Mwanangu, hiyo yaziba tundu la ukuta."

Nyota niliyokata ni ya chenji. Ikifika saa mbili sarafu zimekwisha, wamezizoa wenye noti za 500. Juzi nilikuwa na 1,000 tupu. Nikala chai na mahamri mawili, nikaondoka. Kesho yake nikatia 80, ya jana na ya leo. Saa nne bibi akarudi, akahesabu, akahesabu tena.

"Leo yamezidi 40. Nani huyu aliyejipunja?"

Nikanyamaza, nikamalizia chai yangu.