Kamusi ya Asili ya Maneno Niliyoipima kwa Neno "Vigil"

Kwa muda wa miezi mitatu nimekuwa nikitumia programu ya simu inayojitangaza kuwa kamusi kamili ya asili ya maneno ya Kiingereza. Naandika tathmini hii nikiwa mfasiri wala si mwanaisimu, yaani mtu anayeifungua kamusi akiwa na sentensi mkononi na muda mfupi wa kuimaliza. Jina la programu sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozieleza zinaweza kurekebishwa kabla msomaji hajaipakua, na kwa kuwa karibu kila kasoro kati ya hizo nimewahi kuikuta pia katika kamusi nyingine za aina yake.

Sikuipima kwa maneno mia. Niliipima kwa neno moja lililokuwa limenikwamisha, nalo ni "vigil". Nilikuwa nafasiri taarifa fupi iliyoeleza jinsi watu walivyokusanyika saa sita mchana, wakasimama kimya kwa dakika 20 wakiwa na mishumaa mikononi, kisha wakatawanyika. Mwandishi alikiita kitendo hicho "vigil". Kwa kawaida Kiswahili hakimpi mfasiri shida hapa, kwa sababu tunalo neno mkesha, ambalo hubeba maana zote mbili kuu za neno hilo la Kiingereza: kukaa macho usiku kucha na siku ya kuamkia sikukuu. Lakini mkesha wa saa sita mchana hauwezekani, na msomaji yeyote wa Kiswahili angecheka. Nilitaka kujua kama usiku umo ndani ya neno la Kiingereza tangu kuzaliwa kwake, au uliingia tu njiani na ukaweza kutoka.

Programu yenyewe inafunguka upesi, hata pale ambapo intaneti haipo, na hilo ni jambo la kushukuru. Ukishaandika herufi tatu za kwanza, kidahizo, yaani neno linaloelezwa, hujitokeza kwa wino mzito, chini yake kuna alama ya spika ya kusikilizia matamshi, kisha mwaka mmoja peke yake, 1200, na baada ya hapo mchoro wa mti. Shinani pameandikwa "weg", na kila tawi ukiligusa linapanuka na kutoa aya fupi. Mchoro huo unapendeza macho. Nilikaa nao jioni nzima nikigusa tawi baada ya tawi, na nakiri kwamba sentensi niliyokuwa nikiifasiri ilisahaulika kwa muda.

Tawi la Kilatini ndilo lililoandikwa vizuri kuliko yote. Linaeleza kwamba katika Kilatini "vigil" lilikuwa kivumishi lenye maana ya aliye macho, na papo hapo lilitumika kama nomino ya kumtaja mlinzi. Msomaji wa Kiswahili halihitaji somo refu hapa, kwa sababu kwetu pia mtu aliye macho ni yule ambaye hajalala na ni yule aliye tayari kwa lolote, na anayeambiwa akae macho haambiwi tu asisinzie. Kutokana na kivumishi hicho Warumi waliunda "vigilia", yaani ulinzi wa usiku, na baadaye wakaitumia kupimia usiku wenyewe. Jeshi la Roma liligawa usiku katika sehemu nne, na mwandishi wa mambo ya kijeshi Vegetius anasema kwamba sehemu hizo zilipimwa kwa saa ya maji ili askari yeyote asilazimike kukesha zaidi ya saa tatu. Ndiyo maana Injili ya Mathayo inasema kwamba Yesu aliwaendea wanafunzi wake akitembea juu ya bahari katika zamu ya nne ya usiku, na tafsiri ya kale ya Kilatini inatumia neno "vigilia" mahali palepale ambapo Biblia ya Kiswahili imeweka zamu.

Programu inaongeza habari za kikosi cha walinzi wa usiku ambacho mfalme Augusto alikiunda mwaka wa 6 B.K. kupambana na moto na wezi jijini Roma, kikiwa na vikosi vidogo 7, kila kimoja kikihudumia mitaa 2 kati ya 14 ya jiji hilo. Watu hao waliitwa "vigiles", na zimamoto wa Italia hadi leo huitwa Vigili del Fuoco. Maelezo haya ni sahihi na yamepangwa vizuri. Ningependa wangeongeza habari anayoisimulia Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa kale, kwamba mlinzi aliyethibitika kulala zamuni alipigwa kwa marungu na mawe na wenzake wa kambini, kwa maana msomaji akishaijua hatashangaa kwa nini neno lililoanza kwa kusema tu kwamba mtu hajalala lilijaa uzito wa wajibu.

Matatizo yanaanzia kwenye shina. Umbo "weg" limeandikwa kana kwamba kuna mtu aliyewahi kulikuta limechorwa juu ya jiwe, ilhali halipatikani katika maandishi yoyote. Ni umbo la lugha mame ya Kihindi-Ulaya, yaani lugha ya kale inayodhaniwa kuwa chanzo cha Kilatini, Kiingereza na nyingine nyingi, lililojengwa upya na wanaisimu kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa nayo, na wakalipa maana ya kuwa na nguvu au uchangamfu. Utaratibu wa fani hii ni kuweka kinyota mbele ya umbo la namna hiyo, ili msomaji ajue kwamba ni hitimisho la kitaalamu wala si ushahidi. Waandishi wa programu wamekiondoa kinyota, nadhani kwa kuhofia kwamba kingewachanganya watumiaji. Kinyota kingeweza kuelezwa kwa sentensi moja. Kukiondoa ni sawa na kumwonyesha mgeni picha ya babu wa ukoo bila kumwambia kwamba mchoraji aliibuni kwa kutazama nyuso za wajukuu.

Kasoro ya namna hiyohiyo imo katika ule mwaka 1200. Takriban mwaka huo neno linaonekana katika maandishi ya Kiingereza, likiwa limepitia Kifaransa cha Kale, na likiwa na maana ya siku ya kuamkia sikukuu ya kidini. Programu inasema kwamba neno "lilizaliwa" mwaka huo. Hakuna anayejua lilitamkwa kwa Kiingereza kwa miaka mingapi kabla ya mtu kuliandika, na kamusi inayojiheshimu husema kwamba ushahidi wa kwanza ni wa wakati fulani, ikaishia hapo.

Kasoro ya tatu ni ya mti wenyewe. Matawi ya "wake" na "watch" yamechorwa yakitokea juu ya tawi la "vigil", na mtu asiyejua ataondoka akiamini kwamba Waingereza walijifunza kuamka na kulinda kutoka kwa Warumi. Sivyo. Maneno hayo mawili ni ya urithi wa Kiingereza chenyewe, yalikuwapo katika Kiingereza cha Kale, na undugu wao na neno la Kilatini ni wa binamu, si wa mtoto na mzazi. Tofauti ya sauti zao inafuata kanuni aliyoieleza mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822: sauti g ya lugha mame ilibaki g katika Kilatini, lakini ikawa k katika lugha za jamii ya Kijerumani, Kiingereza kikiwamo. Mfano mwepisi tunao wenyewe, kwa kuwa shamba kwa Kilatini ni "ager" na ndugu yake wa Kiingereza ni "acre", ambalo tumelichukua na kulifanya ekari. Kwa hiyo "vigil" na "wake" wanahusiana kama "ager" na "acre", na mchoraji wa mti alipaswa kuyatoa matawi hayo moja kwa moja shinani.

Binamu wengine wamepangwa vizuri zaidi. Nilifurahi kulikuta "surveillance", ambalo Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa baada ya kamati za uangalizi za Mapinduzi ya Ufaransa zilizoundwa mwaka 1793, na ambalo ndani yake kitenzi cha Kilatini cha kukesha kimechakaa hadi hakitambuliki tena. Lipo pia "vigilante", neno la Kihispania la mlinzi, lililoingia katika Kiingereza cha Marekani katika karne ya 19, wakati ambapo raia wa San Francisco waliunda kamati zao za ulinzi mwaka 1851 na tena 1856, wakawahukumu na kuwanyonga watu nje ya mahakama. Hapo neno la kusifia lilianza kutia hofu. Hata "wait", yaani kusubiri, lina undugu na kundi hili, kwa kuwa maana yake ya awali ilikuwa kumtazama mtu kwa kumvizia, na "waiter" alikuwa mlinzi kabla ya kuwa mhudumu wa mezani. Aya hizo ni fupi, zimeandikwa kwa uangalifu, na ni wazi kwamba mwandishi wake si yule aliyeuchora mti.

Hata hivyo, swali langu lilikuwa moja, na ni hapo programu iliponiangusha. Baada ya maana ya siku ya kuamkia sikukuu, inaruka moja kwa moja hadi kwenye mikusanyiko ya kisasa yenye mishumaa, bila kueleza ni nini kilichotokea katikati. Miaka mia kadhaa imezibwa kwa neno moja, "baadaye". Nililazimika kuitafuta njia mwenyewe katika vitabu vya historia ya ibada.

Wakristo wa karne za mwanzo walikesha kweli, usiku kucha, wakisali na kusikiliza masomo kabla ya sikukuu, na hasa kabla ya Pasaka. Desturi hiyo haikukosa wapinzani. Mtaguso wa Elvira, yaani mkutano wa maaskofu nchini Hispania, mwanzoni mwa karne ya 4, uliwakataza wanawake kukesha makaburini, na takriban mwaka 406 Mtakatifu Jerome, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, alimwandikia majibu makali padri mmoja aliyepinga mikesha. Padri huyo aliitwa Vigilantius, jina lenye maana ya aliye macho, na Jerome hakukosa nafasi ya kumwita Dormitantius, yaani msinziaji. (Kamusi ambayo ingeweka kisa hiki chini ya kidahizo ingeuzika kwa kisa hicho peke yake.)

Kadiri karne zilivyopita, ibada ya mkesha katika Kanisa la Magharibi ilisogezwa mapema zaidi na zaidi, ikaingia alasiri, na hatimaye mkesha wa Pasaka wenyewe ukawa unaadhimishwa Jumamosi asubuhi, jua likiwa juu. Maneno ya ibada yaliendelea kuusifu usiku huo mtakatifu wakati mwanga ukipenya madirishani. Hali hiyo ilidumu kwa karne kadhaa, hadi Papa Pius XII aliporuhusu mwaka 1951 kwamba ibada irudishwe usiku, na kuufanya utaratibu huo kuwa wa wote kwa agizo la mwaka 1955. Katika kipindi chote hicho tendo la mchana liliitwa kwa jina la usiku, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo neno lilipozoea kuishi bila giza, likabaki na kiini chake cha Kilatini: kuwa macho kwa kusudi, kwa ajili ya jambo au mtu fulani, iwe ni kando ya kitanda cha mgonjwa au mbele ya jengo la mahakama.

Nilipofika hapo, nilikuwa nimepata jibu. Neno la Kiingereza liliutua usiku njiani; neno mkesha halijautua. Katika tafsiri yangu niliandika kwamba watu walisimama kimya na mishumaa kwa kumbukumbu ya marehemu, nikaliacha neno mkesha kwa ajili ya aya ya pili, iliyowahusu ndugu waliokuwa wamekesha hospitalini siku mbili kabla ya hapo.

Kwa haki, si rahisi kuingiza historia kama hiyo ndani ya skrini ya simu. Lakini dawa yake inajulikana tangu zamani. Kamusi kuu ya Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 1928, ilijengwa juu ya manukuu yenye tarehe, ili msomaji aone kwa macho yake maana ikihama kutoka sentensi hadi sentensi. Programu hii haina nukuu hata moja chini ya kidahizo nilichokisoma. Nukuu nne tu, moja ya kila kipindi, zingenipunguzia siku nzima ya kazi.

Matangazo hayasumbui, hutokea chini ya skrini tu. Matamshi yanayosikika ni ya Kiingereza cha leo pekee, na kwa Kilatini spika haipo kabisa, jambo la kusikitisha, kwa kuwa Warumi wa enzi za Augusto walitamka v yao kama w, na sikio la msomaji lingeutambua ukaribu wa "vigil" na "wake" kabla hajasoma lolote. Vidahizo vilivyo na utata vinatendewa kwa uaminifu zaidi: "sentinel", yaani mlinzi wa zamu, kwa mfano, limeelezwa kwamba lilitoka Kiitaliano kupitia Kifaransa na kwamba nyuma ya hapo wataalamu hawakubaliani, nami naiheshimu kamusi inayokubali kuishia njiani.

Naipendekeza kwa mwanafunzi anayetaka kujua maneno yapi ni ndugu, mradi asiamini mchoro wa mti kabla ya kusoma aya zilizo chini yake. Kwa mfasiri ni kitu cha kuanzia tu. Niliwaandikia watengenezaji kuhusu kinyota na kuhusu lile tawi la "wake", na siku kumi baadaye likatoka toleo jipya. Kinyota kimewekwa mbele ya "weg", kidogo sana, kwa rangi ya kijivu. Tawi bado liko palepale.