Bodi za dola mbili: nilivyohangaika kupata kiwanda cha kunichapia saketi chache

Natengeneza vidhibiti vya mashine za kutotolea vifaranga hapa Morogoro. Ni karakana ya watu wawili na kijana mmoja anayekuja wikendi, kwa mwezi tunatoa mashine sita, ukibahatika kumi. Kila mashine inataka bodi moja ya saketi yenye ESP32 (chipu inayoendesha kila kitu), sensa ya joto na unyevu, na rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa na chipu: moja ya balbu za joto, nyingine ya mota inayogeuza trei. Yai la kuku linataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21. Bodi ikizingua siku ya 15, mteja hapigi simu kuulizia bodi, anaulizia mayai yake.

Mwanzoni bodi nilizitengeneza mwenyewe. Unachapa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi ya gazeti linalong'aa, unaugandamiza kwa pasi ya nguo juu ya kibao cha shaba, unaloweka karatasi itoke, halafu unatumbukiza kwenye feriki kloraidi na kutikisa taratibu mpaka shaba isiyofunikwa na wino iliwe. Inafanya kazi. Ila matundu unatoboa moja moja, mashati yanapata madoa ya kutu yasiyotoka, na ukitaka bodi ya pande mbili, kuzioanisha hizo pande ni kumwomba Mungu. Wikendi nzima natoka na bodi nne, moja ya kutupa. Mke wangu alinunua pasi nyingine akaandika jina lake kwenye mpini.

Nikaanza kutafuta kiwanda.

Kitu cha kwanza kitakachokuvuta ni bei. JLCPCB ya Shenzhen kwa miaka imekuwa ikitangaza bodi 5 za tabaka mbili, zisizozidi milimita 100 kwa 100, kwa dola 2. Nilipoiona nikadhani mtandao umekosea. Haujakosea, lakini hizo dola 2 ni chambo tu. Usafirishaji wa haraka ulinigharimu dola 20 na ushee. Ukifika Dar kuna VAT ya asilimia 18, nayo inapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri na bima, kisha kampuni iliyoleta inadai ada yake ya kukutolea. Kwa hiyo usijisumbue kulinganisha viwanda kwa bei ya bodi. Jaza fomu mpaka ukurasa wa mwisho, anwani na kila kitu, ndipo uone namba ya kweli.

Hapo uzito ndio unaosema. Bodi yangu ni milimita 80 kwa 100, unene wa 1.6, kama gramu 24 hivi. Kumi na nane pamoja na kifungashio zinaingia ndani ya nusu kilo, na bei za wasafirishaji zinapanda kwa kila nusu kilo. Kuagiza tano au kumi na nane, nauli ni ileile. Ukitaka zisafiri na maelezo sahihi, waambie waandike 8534 kwenye ankara. Hiyo ni namba ya forodha ya bodi tupu. Bodi iliyokwisha kupachikwa vifaa haiingii humo.

Niliwahi kuitazama pia OSH Park ya Marekani, wale wa bodi za zambarau. Wanakupa nakala tatu kwa dola 5 kwa kila inchi ya mraba, na shaba imepakwa dhahabu. Kwa kibodi cha ukubwa wa stempu ni raha kabisa. Kwa yangu ingekuwa zaidi ya dola 60 kwa bodi tatu, nikafunga ukurasa. Mlioko Ulaya mna Aisler ya Ujerumani na Eurocircuits ya Ubelgiji, angalau forodha haiwapi presha.

Sasa niwaambie kilichonifanya nibadili kiwanda. Majina ya hivi viwili siyaweki. Leo nitamsifu mtu, kesho zamu inabadilika, mnirudie mimi.

Kwenye bodi yangu umeme wa volti 230 unapita kwenye miguu ya rilei, na sentimita moja pembeni iko ESP32 inayokula volti 3.3. Ndani ya mashine ya vifaranga kuna unyevu muda wote, na vikishaanguliwa, manyoya yao yanaruka kama unga. Unyevu na manyoya vikitulia juu ya bodi vinatengeneza kinjia, umeme unaanza kutambaa juu ya faibaglasi. Dawa yake ni kukata mfereji mwembamba katikati, upana wa milimita 2, hewa tupu. Umeme wa kutambaa ukifika pale unalazimika kuzunguka.

Mimi kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi, huo mfereji niliuchora kwenye tabaka la maandishi. Ulitakiwa uwe kwenye Edge.Cuts, tabaka linaloiambia mashine ikate wapi. Kosa langu, silikatai. Kiwanda cha kwanza wakapokea faili za Gerber, yaani michoro ya kila tabaka, saa nne usiku, kufika asubuhi oda inaonyesha iko kwenye uzalishaji. Kasi ya ajabu, nikafurahi. Baada ya siku tisa nafungua boksi: bodi ishirini safi, kijani kinang'aa, na kila moja ina mstatili mweupe umechapwa vizuri sana pale mfereji ulipotakiwa kuwa. Wamenichapia picha ya mfereji.

Niliwaandikia. Wakajibu kwa heshima kwamba wametengeneza kama faili lilivyosema. Ni kweli. Tukakaa mimi na kijana na msumeno mdogo wa waya, bodi moja dakika kumi na tano, vumbi la faibaglasi linawasha mpaka shingoni. Mfunike pua, jamani.

Oda iliyofuata niliipeleka kiwanda kingine, ghali kidogo, kama dola 11 zaidi kwa jumla. Na niliwapelekea faili la zamani kwa bahati mbaya, lile lile bovu. Saa kumi alfajiri simu ikalia kengele ya barua pepe. China wako mbele yetu saa tano, kwao ilikuwa ndiyo wanafika kazini. Fundi wao alipiga picha ya skrini, akazungushia duara jekundu ule mstatili, akauliza: hapa pako katikati ya umeme mkubwa na mdogo, unataka pakatwe au ni maandishi? Chini akaongeza kuwa kwa kisu chao mfereji usiwe chini ya milimita 1. Oda wakaisimamisha mpaka nijibu. Nilijibu nikiwa bado kitandani.

Huyo mtu ndiye ninayemlipia zile dola 11. Siku hizi nikijaribu kiwanda kipya natuma bodi yenye kosa dogo la makusudi, kama mstari wa ukingo usiofungana, nione kama kuna atakayeuliza. Wakikaa kimya, nimeshajua.

Mengine kwa haraka. Rangi chagua kijani, ndiyo inayochapwa kila siku. Kwa mpako wa shaba, kama unalehemu kwa mkono kama sisi, HASL (mpako wa bati) yenye risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183 na inakimbia vizuri. Isiyo na risasi inataka zaidi ya 217, na pasi za kulehemu za bei nafuu hapo zinahema. Ukishika yenye risasi, nawa mikono kabla ya kula. Dhahabu iache mpaka uwe na aisi (chipu) zenye miguu iliyobanana. Nilipoagiza JLCPCB walikuwa wakichapa namba ya oda juu ya bodi popote wanapopenda, ila ukiandika JLCJLCJLCJLC kwenye tabaka la maandishi walikuwa wanaiweka hapo hapo. Mimi nilikuwa naificha chini ya rilei. Na usiagize karibu na Mwaka Mpya wa Kichina. Mwaka 2025 uliangukia Januari 29, na mimi oda nililipia Januari 24. Bodi zilifika Machi, wateja watatu wakiwa wameshachoka na visingizio vyangu.

Kupachikiwa vifaa kule kule bado sijajaribu. Kwa bodi kumi na nane kijana analehemu kwa siku mbili, na posho yake naijua.

Oda ya sasa imetoka Shenzhen Jumatatu. Ikifika Dar binamu ataipokea anitumie kwa basi la mchana, na kabla sijahesabu bodi nitapitisha kisu cha karatasi kwenye mfereji wa moja.