TAHADHARI: Anauza modeli za malori ya jeshi za "orijino", unapokea resini mbovu na rangi inayoyeyusha plastiki

Salaam wakuu. Naandika hasa kwa vijana wa Dodoma mnaounga na kupaka rangi modeli za magari ya jeshi kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani, na kwa wenzetu wa Singida, Manyara na Iringa mnaoagiza kwa simu na kupokelea stendi. Kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na "seti orijino" za malori ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia: GMC la Mmarekani, Opel Blitz la Mjerumani, Bedford la Mwingereza. Ana jina la duka, duka lenyewe halipo. Amewapiga wenzetu kadhaa kwenye kikundi chetu, na mmoja wao ni mwanafunzi wa chuo aliyejinyima muhula mzima ili apate lori moja. Hilo ndilo limenikera mpaka nikaandika.

Amejua kuchagua bidhaa. Mezani, kikosi kisicho na lori kinatembea kwa miguu mchezo mzima, kwa hiyo kila mtu anatafuta lori. GMC lile la matairi kumi lilitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1941 na 1945, linafaa karibu meza yoyote ya kipindi hicho. Halafu kwa sisi wa huku kuna Kongwa, wilaya ya hapa Dodoma. Mradi wa karanga wa Waingereza, kuanzia 1947 hadi ulipovunjika 1951, ulitumia magari na mitambo iliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Wengi wetu tunatamani lori la namna hiyo, rangi ya jeshi imepauka, vumbi jekundu limejaa kwenye madigadi. Naye akaanza kutangaza "lori la Kongwa, zimebaki mbili tu".

Anavyofanya ni hivi. Picha anazotuma ni za modeli zilizokwisha pakwa rangi na mafundi wa nje, safi kabisa. Ukiuliza picha ya vipande ndani ya sanduku, anakwambia "kaka, sanduku likifunguliwa linashuka thamani". Ukichelewa kujibu, kuna mteja mwingine anataka kulipia sasa hivi. Anataka hela yote mbele, kwenye namba ya simu, na jina linalotokea unapotuma si lile analotumia kwenye ukurasa. Kwa mmoja wetu aliongeza na hili: mzigo umekwama forodha, ongeza Sh 40,000 ya ushuru. Jamani, malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo. Ushuru hauendi kwenye simu ya mtu binafsi, hata akikuapia.

Mzigo kweli unapanda basi, na kweli unafika stendi ya Nanenane. Hapo ndipo anapowashika watu, maana ukishaona kifurushi na risiti ya basi unaamini.

Nilikuwepo sanduku la yule mwanafunzi lilipofunguliwa. Nje, picha nzuri yenye jina la kampuni kubwa, ila ukiipitisha kidole unasikia imechapishwa kwenye karatasi ya kawaida na kubandikwa. Ndani, mfuko wa nailoni wenye vipande vilivyolegea, rangi ya maziwa ya mgando. Seti halisi ya plastiki inakuja na vipande vikiwa bado vimeshikana kwenye fremu zake, kila kimoja na namba, pamoja na karatasi ya maelekezo na stika za maji, zile alama unazolowesha kisha unazibandika kwenye modeli. Hapa hapakuwa na fremu, namba, wala stika. Grili ya mbele ilikuwa na matundu ya hewa, moja limekula taa nzima ya kushoto. Madirisha ya kabini yamezibwa na utando wa resini, ule utomvu wa kemikali unaomiminwa ukaganda, si plastiki ya seti za kiwandani. Chesisi imepinda kama upinde, ukiiweka mezani magurudumu mawili yanabaki hewani.

Chesisi iliyopinda unaweza kuilainisha kwenye maji ya moto na kuinyoosha. Bodi ya nyuma ndiyo haikuwa na dawa. Resini ikigandia ndani ya ukungu, yaani kalibu ya kumiminia, husinyaa kidogo. Mtu akichukua seti ya mwenzake, akaitengenezea ukungu, akamimina nakala, halafu baadaye akanakili ile nakala, kila kizazi kinazidi kuwa kidogo. Huyu alichanganya vizazi: kabini ya huku, bodi ya kule. Matundu hayakukutana na pini, na ekseli ya nyuma haikuingia kwenye springi mpaka ichongwe.

Sisemi resini ni mbaya. Kuna watengenezaji wadogo waaminifu wanaomimina kazi zao wenyewe na kazi inapendeza. Huyu anaiba kazi ya mtu, anaiharibu, kisha anaiita plastiki. Na uongo huo una madhara. Gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha kingo mbili ili ziungane; kwenye resini haishiki kabisa, unahitaji supaglu au epoksi. Kijana alibandika kabini usiku, asubuhi akaikuta imeanguka, akadhani hajui kuunga. Baya zaidi ni vumbi. Vumbi la resini si la kuvuta. Anayejua ameshika resini anapiga msasa wenye maji na kuvaa barakoa; aliyeambiwa ni plastiki anaweza kukaa chumbani mlango umefungwa, anasugua na kupuliza kwa mdomo. Kumficha mtu jambo la afya yake kwa ajili ya Sh 85,000 ni ukatili.

Sasa rangi. Anauza vichupa sita kwa pamoja, kijani cha jeshi, kijivu cha Mjerumani na kadhalika, lebo inasema akriliki ya maji. Vichupa vimejazwa upya. Tulipofungua kimoja kikanuka thina, harufu ile ya gereji wanapopulizia magari. Tulipaka tone kwenye kipande cha fremu ya plastiki halisi iliyobaki kwenye kazi nyingine. Baada ya muda mfupi uso wa plastiki ulikuwa umelegea, na kidole kikaacha alama. Fikiria hiyo ingeingia kwenye lori ulilolimaliza. Rangi yoyote usiyoiamini ijaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki.

Kuna na ujanja wa skeli, yaani modeli imepunguzwa mara ngapi kutoka gari halisi; huu umemkuta mwenzetu wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma. Aliagiza la skeli ya 1/56, linaloendana na vinyago vya askari vya milimita 28, akaletewa la 1/72. Opel Blitz halisi lilikuwa na urefu wa takriban mita 6. Kwa 1/56 modeli inakuwa kama milimita 107, kwa 1/72 kama milimita 83. Kwa hiyo kabla hujatuma hata senti, mwambie muuzaji aweke chesisi kando ya rula, na karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako, apige picha. Mwenye mzigo atapiga, ni kazi ya dakika moja. Huyu tumemwomba hivyo kwa namba tofauti, kila mara anakasirika na kutufungia.

Kama umeshatuma hela na unaona dalili hizi, piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako papo hapo uombe muamala uzuiwe, kabla hajaitoa. Namba yake ya simu iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ujumbe kwenda 15040. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, na kwa utapeli wenyewe nenda polisi upate RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Usifute mazungumzo hata kama yanakuudhi.

Amebadilisha jina la ukurasa zaidi ya mara moja, kwa hiyo msitafute jina, angalieni tabia: sanduku lisilofunguliwa, picha za mafundi wa nje, jina tofauti kwenye malipo, ushuru wa ghafla. Sisi wa Dodoma tunakusanya risiti za basi, meseji za miamala na vipande vyenyewe ili twende polisi kwa pamoja. Kama na wewe umeuziwa, usitupe hilo lori. Liache kwenye mfuko wake kama lilivyofika, na utuandikie hapa chini uko mkoa gani.