Manaslu kwa siku 14: njia nzuri, ratiba mbovu zinazouzwa nayo

Mzunguko wa Manaslu nchini Nepal unauzwa Kathmandu kwa vifurushi vya siku 10, 12, 14 na hata 16. Bei kwa mawakala wa hapo huanza karibu dola 900 kwa mtu na kupanda hadi 1,400 au zaidi. Njia ni ileile, gesti ni zilezile, na dengu utakayokula ni ileile. Kinachotofautiana ni siku, na hizo siku ndizo zinazoamua kama utavuka kipito cha Larkya La, sehemu ya juu kabisa ya njia, kwa miguu yako au utateremshwa mgongoni mwa farasi ukitapika. Ndiyo maana tunaanza na ratiba. Mandhari tutayafikia.

Mlima wenyewe una mita 8,163 na ni wa 8 kwa urefu duniani. Huupandi, unauzunguka. Unaufuata mto Budhi Gandaki kutoka kwenye joto la chini mpaka karibu na mpaka wa Tibet, unavuka kipito, kisha unateremkia upande wa mlima Annapurna. Wageni walianza kuruhusiwa mwaka 1991, na mpaka leo eneo hili ni la vibali maalumu, ndiyo sababu halijajaa watu kama njia ya kwenda Everest.

Ratiba tunayoikubali ni hii. Siku ya 1 ni gari kutoka Kathmandu hadi Machha Khola, karibu mita 900, safari ya saa 8 hadi 10 ambayo nusu yake ya mwisho ni mashimo matupu. Siku ya 2 unalala Jagat (1,340), ya 3 Deng (1,860), ya 4 Namrung (2,630), ya 5 Lho (3,180), ya 6 Samagaun (3,530). Siku ya 7 unabaki Samagaun. Siku ya 8 ni Samdo (3,875), na ya 9 unabaki Samdo. Ya 10 ni Dharamsala (4,460), ambayo wengine huiita Larke Phedi. Ya 11 unavuka kipito na kushukia Bimthang. Ya 12 ni Tilije au Dharapani, ya 13 unarudi Kathmandu, na ya 14 unaiacha wazi kwa ajili ya theluji, barabara iliyokatika au tumbo.

Sasa tazama vifurushi vya siku 10 na 11 vinavyofupisha. Kwanza huruka Lho, wakakutoa Namrung hadi Samagaun kwa siku moja, yaani mita 900 zaidi kati ya kitanda cha jana na cha leo. Kisha hufuta mapumziko ya Samdo. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku 3 au 4 upumzike siku nzima. Hata ratiba nzuri inaivunja kanuni hiyo kidogo mara mbili: Namrung hadi Lho ni mita 550, na Samdo hadi Dharamsala ni 585 bila gesti yoyote katikati. Ukifika Dharamsala ukiwa tayari na deni la usingizi na hewa, hapo ndipo kichwa kinapoanza kugonga saa mbili usiku, na safari ya kipito inaanza saa tisa au kumi alfajiri. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala si bei. Ni hili: utalala usiku ngapi Samagaun, ngapi Samdo? Akijibu moja na moja, tafuta mwingine. Rahisi ghali.

Siku za mapumziko si za kulala. Samagaun unapanda hadi ziwa Birendra, mwendo wa saa moja hivi, au kwa mwenye nguvu, njia ya kambi ya chini ya Manaslu hadi mita 4,800 na kurudi, siku nzima. Samdo unapanda kilima kilicho nyuma ya kijiji mpaka mita 4,500 au zaidi, unakaa nusu saa, unashuka kula. Aliyepita Kilimanjaro kwa njia ya Machame anaijua hesabu hii kutoka Lava Tower: panda juu, lala chini.

Na kwa kuwa wasomaji wengi watapima kwa Kilimanjaro, tuliseme wazi. Uhuru ni mita 5,895, Larkya La ni 5,106 kwa ramani nyingine na 5,160 kwa nyingine, kwa hiyo kwa namba tu Manaslu inaonekana ndogo. Namba hizo zinadanganya. Ukiugua kambi ya Barafu unashushwa kuelekea Mweka siku hiyohiyo, na chini kuna gari. Ukiugua Dharamsala hakuna gari upande wowote kwa siku kadhaa. Kilichopo ni kurudi Samdo kwa miguu au kwa farasi, na kama hali ya hewa inaruhusu, helikopta. Upande wa faida, hapa mwili unapewa siku 9 kabla ya usiku wa kipito, na ukiacha Dharamsala hakuna mahema: unalala chini ya paa na unakula mezani.

Vibali ni vitatu na vyote hushughulikiwa na wakala. Kibali cha eneo maalumu la Manaslu ni dola 100 kwa wiki kuanzia Septemba hadi Novemba, na dola 15 kwa kila siku inayozidi. Desemba hadi Agosti ni dola 75 kwa wiki na 10 kwa siku ya ziada. Juu yake kuna ada ya hifadhi ya Manaslu, rupia 3,000, na ya Annapurna, rupia 3,000, kwa sababu unatokea upande huo. Kiongozi mwenye leseni ni lazima, na kwa miaka mingi kanuni ilitaka wageni wasiopungua wawili kwenye kibali kimoja, hivyo anayesafiri peke yake amwulize wakala kwa maandishi atapangiwa nani. Pasipoti halisi itahitajika Kathmandu ili kibali kitoke, kwa hiyo usipange kuondoka asubuhi ya kesho yake baada ya kutua. Jambo la kuangalia hapa: ratiba yenye mapumziko mawili huzidi siku 7 kati ya Jagat na kipito. Wakala anayekukatia wiki moja tu ameshaamua, kabla hujaanza kutembea, kwamba hutapumzika. Viza unapewa uwanja wa ndege wa Tribhuvan: dola 50 kwa siku 30. Ile ya siku 15 kwa dola 30 usiichukue kwa safari hii, kwani theluji ikikuzuia siku mbili tu umeshapitiliza.

Njia ya chini, kutoka Machha Khola hadi Deng, haina la kusifiwa. Ni korongo lenye joto, ngazi za mawe zisizoisha, kupanda mita 200 na kushuka 150, siku nzima ya saa 6 au 7. Miguu huchubuka hapa, si juu, kwa sababu ya jasho. Vaa soksi nyembamba ndani ya nene, na ukihisi moto kisigino, simama na ubandike plasta saa ileile. Madaraja ya kamba za chuma ni imara, lakini usiingie darajani nyumbu wakiwa upande wa pili. Nyumbu wa mizigo, si wa Serengeti. Wanapopita njiani, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde: mtungi wa gesi uliofungwa ubavuni mwa mnyama unatosha kumsukuma mtu mtoni, na nyumbu hapunguzi mwendo. Tetemeko la Aprili 2015, ambalo kitovu chake kilikuwa Barpak kwenye wilaya hiihii ya Gorkha, liliacha miteremko mingi ikiwa legelege. Ukikuta mahali pa kokoto mbichi, pita bila kusimama kupiga picha, na pita asubuhi.

Kuanzia Namrung mambo yanabadilika. Misonobari inaanza kupungua, nyumba ni za mawe, watu wa bonde hili la Nubri wanazungumza lugha ya jamii ya Kitibeti, na kuta za mawe yaliyochongwa sala zinakaa katikati ya njia. Zipite ukiziacha upande wako wa kulia. Lho alfajiri ndiko Manaslu inakoonekana vizuri kuliko mahali pengine popote njiani, na hilo peke yake ni sababu ya kutoiruka.

Gesti. Chumba ni vitanda viwili na ukuta wa plaiwudi, jirani akikohoa unajua ni bega lipi amelalia. Blanketi lipo, lakini chukua mfuko wa kulalia unaostahimili nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri. Mtaa wa Thamel, Kathmandu, unaukodisha kwa siku, ufungue dukani na unuse kabla ya kulipa. Chumba ni cha bei ndogo kwa sharti kwamba unakula hapohapo. Ukienda kula kwa jirani bei ya kitanda inapanda, na wana haki. Kuchaji simu, maji ya kuoga ya moto na intaneti hulipiwa kando, na karibu kila wakala anaviacha nje ya kifurushi. Hakuna mashine ya kutolea pesa ya kutegemea ukishaingia bondeni, beba rupia taslimu kutoka Kathmandu. Kwa mtandao, laini ya Nepal Telecom inashika vijiji vingi kuliko Ncell. Betri iingize kwenye mfuko wa kulalia usiku, vinginevyo asubuhi utaikuta imeisha kwa baridi.

Chakula ni bora kuliko inavyosemwa, mradi uagize kinachopikwa kila siku. Dal bhat, yaani wali, dengu, mboga na achari, huongezwa mara ya pili bila malipo, na ndiyo chakula pekee cha njia hii kinachomshibisha mtu anayetembea saa 7. Nyama iache tangu Jagat: imepanda mgongoni mwa mnyama kwa siku kadhaa bila friji. Kwa asubuhi, uji wa tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, unakaa tumboni kuliko chapati ya kukaanga. Maji yatibu mwenyewe kwa vidonge vya klorini na usubiri dakika 30, zaidi kama ni ya baridi sana. Wenye kichujio cha mirija wakilaze ndani ya mfuko wa kulalia kuanzia Samagaun, kwani kikiganda mara moja mirija hupasuka ndani, nje hakionyeshi kitu, na kuanzia hapo unakunywa maji machafu ukiamini umechuja.

Dharamsala ndiyo doa la safari nzima. Ni vibanda vya mawe na mahema kwenye kituo kimoja kinachopokea kila mtu anayevuka kesho yake, na Oktoba hujaa kabla ya mchana. Kiongozi mzuri humtuma mpagazi mmoja mapema kushika vitanda. Kiongozi mvivu hukuambia utajibana na wengine ukumbini. Choo ni shimo, na kingo zake zina barafu: nenda na tochi. Kula mapema, kunywa maji lita 3 mpaka jioni, nguo zote za kesho zivaliwe au zilaliwe.

Dawa ya asetazolamidi, miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupita mita 3,000, husaidia wengi. Inakojoza, inawasha ncha za vidole, inaharibu ladha ya soda, na haimfai mwenye mzio wa dawa za salfa. Uliza daktari nyumbani, si duka la Thamel. Ila hakuna kidonge kinachoruhusu kupanda ukiwa na dalili. Anayeyumba kama mlevi akiambiwa atembee kwenye mstari mmoja, au anayehema akiwa ameketi, anashushwa usiku huohuo.

Kipito chenyewe huanza saa tisa hadi kumi alfajiri kwa sababu upepo hukaza kuelekea saa nne au tano asubuhi. Kupanda si kukali: ni mawe na theluji kwa mwinuko mrefu wa polepole, na vilele vingi vya uongo. Ugumu uko upande wa pili. Mteremko wa kwanza kuelekea Bimthang ni mkali, wa kokoto juu ya barafu, na hapo ndipo watu huvunja vifundo wakiwa tayari wameshangilia. Beba minyororo ya meno ya chuma ya kuvaa juu ya buti na fimbo mbili. Uivae kabla ya mteremko, si baada ya kuanguka. Hesabu saa 8 hadi 10 kutoka kitanda hadi kitanda.

Wapagazi: mpagazi mmoja hubeba mizigo ya wageni wawili, na kilo 20 zinatosha, sawa na kikomo cha Kilimanjaro. Taka kuona kwamba wana bima, glavu na buti kabla ya Machha Khola. Kuhusu bima yako, isomeke inafidia kutembea mpaka mita 6,000 pamoja na helikopta, na namba ya simu ya kampuni iwe kwa kiongozi pia. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza utapeli wa uokoaji wa helikopta usio wa lazima, kwa hiyo anayeumwa kichwa kidogo tu akiambiwa apande helikopta, piga simu kwa bima kwanza.

Muda mzuri ni Oktoba hadi katikati ya Novemba, kisha Aprili. Juni hadi Septemba korongo ni la maporomoko na ruba, na katikati ya baridi theluji hufunga kipito.

Ukifika Dharapani, gari la kwenda mji wa Besisahar, njiani kurudi Kathmandu, linajazwa mpaka dereva akose pa kukalia. Siti ya mbele inalipiwa zaidi, na magoti yaliyoshuka kutoka Larkya La yanaihitaji.