Khanga ya pamba au ya polista: kagua kabla hujalipa

Kwa mbeleko, kwa jikoni na kwa mama aliyetoka kujifungua, nunua khanga ya pamba tupu, hata bei yake ikizidi. Ya polista ina mahali pake, napo ni shereheni: hukauka upesi, haikunjamani, na rangi zake hukawia kupauka. Lakini mfunge mtoto mgongoni kwa polista uone: fundo linateleza, na jasho halina pa kwenda. Jikoni ni hatari zaidi, kwa sababu ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi. Pamba nayo huwaka, ila haigandi.

Dukani zote huitwa pamba. Omba ruhusa, chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, ziwashe mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika. Polista hujikunyata, hunuka plastiki na kuacha kitonge kigumu. Ukipata jivu lenye punje ngumu ndani yake, huo ni mchanganyiko.

Baada ya uzi, kagua wanga. Khanga mpya hukakamaa kwa sababu imetiwa wanga, na hilo si kosa. Kosa ni pale wanga unapoficha kitambaa chepesi. Fikicha pembe moja kwa nguvu kama unayefua. Vumbi jeupe likidondoka na pembe ikalegea papo hapo, mfuo wa kwanza utakuachia kitu kama chandarua. Kisha iinue kwenye mwanga: nyuzi ziwe zimebanana sawasawa, kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, na kwenye pindo, ule ukingo unaouzunguka.

Vipimo ndipo wanunuzi wengi wanapopunjwa. Khanga moja iwe na urefu wa kama mita 1.5 na upana wa kama mita 1.1, na doti ni mbili zilizoshikana. Neno hili doti ni la zamani kuliko khanga yenyewe. Karne ya 19, merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyofumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa meli za bandari ya Salem huko huko, ilikuwa ndiyo fedha ya misafara ya bara. Mikono minne (mkono ni kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole) ilifanya shuka, shuka mbili zikafanya doti, yaani yadi 4, na kwa doti ulinunua chakula na kulipa hongo ya njia.  Kwa hiyo anayekuuzia doti iliyopungua mita 3 anapunguza kipimo kilichokuwa mita 3.6. Nenda na futi ya fundi cherehani.

Uchapaji uangalie kwa upande wa nyuma. Rangi ikipenya vizuri, mchoro unaonekana nyuma karibu sawa na mbele; ikibaki juu juu, itapauka kwenye mikunjo kwanza. Pindo liwe na upana uleule pande zinazotazamana, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa, likae katikati, lisipande wala kuinama. Jina likiwa upande, ukijifunga litaishia ubavuni, na khanga isiyosomeka imepoteza nusu ya kazi yake.

Kwa anayetaka chapa, zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, zenye maandishi "Mali ya Abdulla", zinastahili sifa kwa mpangilio wa pindo na mji. Hata hivyo, chapa isikuzuie kuchoma uzi.

Ukifika nyumbani usikimbilie kukata. Loweka doti nzima kwenye maji baridi, peke yake, uisuuze mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu na nyeusi huchuja kuliko zote, kwa hiyo kisutu, khanga ya bibi harusi yenye rangi hizo, kisiwekwe na nguo nyeupe hata siku moja. Chumvi haitaizuia rangi ambayo kiwandani haikushikishwa. Anika kivulini, ndani nje. Pamba hurudi kidogo katika mfuo huu, na ndiyo sababu ya kukata baadaye: ukikata na kupinda kabla, uzi wa cherehani haurudi pamoja na kitambaa na upindo unajikunja kama utumbo. Kata katikati ya nafasi iliyoachwa kati ya khanga mbili, ukifuata uzi mmoja wa kitambaa, usifuate mstari wa rangi, kwani mara nyingi uchapaji wenyewe umekwenda upande.

Pamba ikitunzwa hivyo huzidi kuwa laini kila inapofuliwa. Ikichakaa, ichane vipande vya nepi kwa kitoto kichanga: khanga kuukuu hunyonya maji upesi kuliko mpya, kwa kuwa wanga wote umeshatoka. Ya polista ikichakaa hata meza haifuti, maji hukimbia mbele yake.